Vibao vya Mpima Hewa

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akipigwa kibao nje ya dunia hii alikuwa mpima hewa. Wa ndani ya dunia nilishawaona wengi; nimezaliwa Ifakara, kwenye mtaa ambao mchi ulitwanga mpunga asubuhi na jioni ukatwanga watu. Lakini huyu alipigiwa angani, ndani ya chombo kinachong'aa kama sufuria iliyotoka dukani, na aliyempiga alikuwa kapteni mwenye meno meupe kama sembe. Nakuapia, kile kibao kilihamisha nywele zake zote kutoka upande mmoja wa kichwa zikaenda kukaa upande wa pili.

Niliyaona hayo kwenye banda la video nyuma ya soko, nikiwa na umri wa kutumwa chumvi. Banda lilikuwa la mabati matupu, chini hadi juu, na joto lake lingeivisha mkungu wa ndizi kabla mkanda haujaisha. Mbele kulikuwa na televisheni ya chogo, na kando yake, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mtafsiri. Kazi yake ilikuwa kutuambia kwa Kiswahili wanayosema watu wa angani, na alikuwa na kipaza sauti alichokifunga kwa mpira wa baiskeli. Sauti zao aliziminya mpaka chini kabisa, yake ikabaki peke yake. Kapteni alikuwa yeye. Majitu yenye magamba yalikuwa yeye. Mpima hewa naye alikuwa yeye, kwa sauti nyembamba ya kubana pua.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Watu ambao dunia yao imeungua wanazunguka angani wakitafuta nyingine ya kuhamia. Kila mara wanatua mahali papya, na kila wakitua anatangulizwa mwanamke mmoja mwenye kisanduku kifuani, atoke nje apime hewa kama inavutika. Akishatoka, kuna kitu kinamkamata. Safari nyingine ni mizizi inamfunga shingo, safari nyingine ni watu wa mawe, kuna siku hata ukungu ulimbamiza ukutani, ukungu mtupu usio na mikono! Anajinasua, anarudi mbio damu inamtoka, anapiga kelele, na kapteni anamzaba kibao. Ananyamaza. Wanaume wanachukua bunduki za mwanga, wanakwenda kumalizia.

Sasa, sekunde ile mkono wa kapteni uko hewani, Mtafsiri alikuwa anapaza sauti: "Mtulize!"

Na banda zima, nami nikiwamo, tulijibu kwa sauti iliyowaamsha viboko mtoni: "Katulia!"

Tulipapenda pale kuliko bunduki za mwanga. Kuna watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya pale tu. Na lile neno halikubaki bandani. Lilitoka na sisi mlangoni likazagaa mtaani. Siku moja, mchana kweupe, mlevi mmoja aligombana na mama muuza karanga aliyekuwa na meza yake pale nje. Mama alikuwa anamweleza jambo, mkono kiunoni. Katikati ya maneno yake vijana waliokuwa wanasubiri mkanda unaofuata wakaanza, kwa furaha kabisa, kama wako kwenye mpira: "Mtulize! Mtulize!" Yule mlevi akaangalia huku na huku, akaona ana mashabiki, akampiga. Karanga zilimwagika mpaka kwenye mtaro. Mama alikaa chini, damu nyembamba ikamtoka sikioni ikashuka shingoni, na watu wakaitikia "Katulia!" wakaingia ndani kutazama mkanda. Yule mama hakusikia tena vizuri upande ule. Ukitaka karanga ilibidi uzunguke.

Nayasimulia haya kwa sababu mwaka huu, masika yakiwa yamekolea, mdogo wangu aliletwa kwangu na pikipiki kutoka Mofu, alikoolewa. Alikuja na mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga kifuani. Pikipiki ya kwanza ilikwama kwenye tope wakabadilisha nyingine Idete, na njia nzima, alivyoniambia baadaye, alikuwa anausikia mfupa unasagana kwa ndani kama mchanga kwenye meno.

"Shikamoo dada," akasema. Mdomo ulikuwa umevimba, shikamoo ikatoka vipande vipande.

"Marahaba. Amekupiga na nini?"

"Mpini wa jembe."

Hospitalini walimfunga plasta kuanzia kiganja mpaka juu ya kiwiko, nyeupe na nzito kama gogo. Jino moja halikuwepo. Mgongo wake sikumwonyesha mtu yeyote, hata yeye mwenyewe sikumruhusu ajitazame kwenye kioo.

Kisa kilikuwa hiki. Yeye na mumewe walikuwa shambani, bondeni karibu na mto, kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachojenga kwa ajili ya kuwinga ndege. Mpunga wa kwanza walishavuna, magunia yako chini ya dungu. Mdogo wangu akaona maji yamebadilika rangi, na panya wanahama. Akamwambia mumewe wahamishe magunia kabla ya jioni. Mumewe akamwambia aache woga wa kike. Maji yalipokuja yalikuja kama yameitwa kwa jina. Magunia yakaondoka moja moja, yakielea, wao wako juu wanayatazama. Na yule bwana, badala ya kuyapigia maji kelele, akamgeukia aliyeyataja. Akasema ni mdomo wake ndio umeyaleta. Akampigia palepale juu ya dungu, pasipo na pa kukimbilia, chini maji, na alipodondoka akateremka majini akamalizia huko.

Basi baba mdogo wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, akaitisha kikao Jumapili baada ya misa. Kikao kilikuwa na swali moja tu: mdogo wangu arudi Mofu na mumewe siku ileile, au asirudi. Naye alishaniambia, kabla hata ya kukaa kwenye kiti: akirudi, atazikwa kule. Hakusema kwa kilio. Alisema kama mtu anayekuambia bei ya mchele.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu. Katika ukoo wetu mke anayezungumziwa hazungumzi. Anakaa mkekani nyuma ya shangazi, kanga kichwani, na mdomo wake ni mshenga, yule aliyeleta posa. Siku moja kabla, mshenga anakuja kumsikiliza. Kesho yake anayabeba yale maneno mpaka kikaoni na kuyatoa kwa heshima, ili wazee wasigombane na mtoto. Ni utaratibu mzuri kama mshenga ni mzuri.

Na mshenga wa ndoa hii alikuwa nani? Mtafsiri! Simu zilipoua banda lake la video, ulimi wake haukufa. Alihamia kwenye posa. Nusu ya ndoa za Ifakara zimepita kinywani mwake, nyingine hata wenyewe hawakukusudia kuoana, walijikuta tu ameshamaliza kuongea. Alipokuja kumposa mdogo wangu kwa niaba ya yule bwana, aliongea mpaka kuku wa uani wakaacha kudonoa wakainua shingo.

Wiki ile mota ya mashine ya kukoboa ninakofanya kazi iliungua, kwa hiyo nilikuwa nyumbani mchana. Mdogo wangu alikuwa anakaa anatazama ukuta. Mimi mtu akinyamaza karibu yangu naumwa. Nikaenda kwa kijana anayejaza nyimbo na filamu kwenye flashi, nikamwuliza kama anao ule mfululizo wa kale wa angani. Alikuwa nao wote, mpaka vipande ambavyo banda letu halikuwahi kuvipata, na kwa chini umeandikwa Kiingereza. Nikarudi nayo mbio. Nilitaka acheke, basi. Naye alikulia kwenye yale mabenchi, alikuwa anakaa mapajani kwangu.

Nikachomeka flashi. Muziki ulipoanza, kweli, akacheka kwa nusu ya mdomo inayocheka.

"Angalia chombo chenyewe," akasema. "Kumbe ni sufuria mbili zimefunikizana."

"Na hiyo sayari ni boksi. Ona, pembeni limelowana."

Tukaendelea kuwachamba. Walitua kwenye dunia ya barafu, wanaume wote wamevaa makoti mpaka masikioni, mpima hewa kavaa kigauni ambacho mama yetu angekiona angezimia, azinduke, azimie tena. Tukacheka. Kisha akatoka na kisanduku chake, kitu kikamkamata, akarudi mbio, na kapteni akainua mkono.

Nilimwona mdogo wangu akijikinga. Amekaa kwenye kochi langu, mita mbili kutoka kwenye televisheni, na ile plasta ikapanda ikafunika uso.

Nikasimamisha picha. Mvua ilikuwa inagonga bati.

"Rudisha nyuma," akasema. "Kabla hajapigwa anasema nini?"

Kiingereza changu nilikipata ukubwani, masomo ya jioni, baada ya kupepeta mchele mchana kutwa. Nilipofaulu kidato cha nne darasa lilipiga makofi mpaka popo wakahama darini. Si Kiingereza cha kuhutubia bunge, lakini maandishi ya chini ya picha nayasoma bila kutafuna. Nikarudisha, nikasoma. Nikarudisha tena, maana sikuamini.

"Anasema msifungue mlango. Hewa ina sumu, na wale viumbe wako chini ya barafu, siyo juu."

"Yule mzee wa banda alisema nini pale? Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nani asingekumbuka, banda zima tulikuwa tunaisema pamoja naye kwa sauti ya kubana pua: "Kapteni naogopa, mimi mwanamke tu, nirudishe kwetu."

"Na kapteni anapompiga, anasema nini?"

"Hasemi kitu. Muziki tu."

Kuanzia pale hatukutazama tena kwa kucheka. Tulitazama kama watu wanaochambua mchele wenye mawe. Kila sehemu ilikuwa vilevile. Mpima hewa anaona hatari, anaisema, tena anaisema kwa utulivu mwanzoni, anaeleza. Hawamsikilizi. Anapandisha sauti. Anapigwa. Mlango unafunguliwa, na wanaume wawili watatu wanaliwa, wanachomwa, wanapasuliwa kama vifuu. Kisha kapteni anashinda na wanarudi chomboni wakimsifu kapteni. Hakuna hata siku moja mtu aligeuka akasema, dada, ulisema. Siku moja mpima hewa alimshukuru kapteni! Alipigwa, akashika shavu, akasema ahsante, nilihitaji hicho. Hilo limeandikwa kabisa kwa chini. Nililisoma kwa sauti ya aibu, kana kwamba nimeliandika mimi.

Nakiri nilitaka sana kumtwisha Mtafsiri mzigo wote. Ingekuwa raha. Lakini kibao hakikuwa chake. Maneno ndiyo aliyoyageuza, ule mkono ulikuwa wa wenye filamu. Wao walimpa mwanamke akili ya kuona hatari kisha wakaweka ngumi ya kumlipa. Na si yeye peke yake. Kulikuwa na malkia wa dunia ya mchanga ambaye Mtafsiri alimwita Jini Jike. Sisi tulimzomea mpaka koo zikakauka. Leo namsoma, kumbe anasema: mlichukua maji yetu, sasa mmerudi kuchukua nini? Swali la msingi kabisa, hata diwani angeulizwa angejikuna. Kapteni akambusu kwa nguvu huku amemshika mikono, halafu kiti chake cha enzi kikashika moto, akaungua humo akipiga kelele muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yule aliyeshika kamera alikuwa hana haraka.

"Kwa hiyo muda wote alikuwa na akili," mdogo wangu akasema.

"Muda wote."

"Na mimi niliitikia 'Katulia'."

"Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unaitikia huku unalala."

"Mume wangu naye alikuwepo. Anapenda kunihadithia. Alikuwa anakaa benchi la mbele alipokuja kusoma huku." Akajigusa mdomo. "Anapomaliza kunipiga husema hivyo. Polepole tu, kama anajiambia mwenyewe. Katulia."

Sikujua hilo.

Akataka tutazame mwisho. Banda letu halikuwahi kuonyesha mwisho, mikanda iliishia njiani. Akataka ajue kama yule mwanamke anashuka kwenye kile chombo. "Dunia zote hizo wametua," akasema, "si angeshuka moja akabaki?" Tukaruka mpaka kipande cha mwisho. Mpima hewa anaolewa na kapteni. Kuna keki, kuna maua ya plastiki. Kapteni anainua mkono ghafla, mpima hewa anajikunja, kumbe bwana anataka kumwondolea nyuzi kwenye nywele. Watu wote arusini wanacheka. Yeye naye anacheka. Picha inaganda hapo, yeye anacheka amejikunja, majina yanapita juu yake.

Mdogo wangu akazima televisheni kwa mkono wake mzima.

"Aliyemwandikia huyu," akasema, "hana dada."

Jumamosi mchana Mtafsiri akaja, mwavuli wake umevunjika mbavu mbili. Tukainuka kumpokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Poleni na mvua, poleni na mitihani." Akaitazama plasta, akatazama pembeni. "Haya, mwanangu. Mimi leo ni sikio. Sema."

"Sirudi," akasema mdogo wangu.

"Ndiyo. Na nini tena?"

"Basi."

"Mwanangu, neno moja halifiki kikaoni, litafia njiani. Nipe nyama kidogo. Nitalipamba."

"Usilipambe, mzee. Lipeleke hivyohivyo."

Nikaona nimchokoze, maana alikuwa mzee wa utani tangu zamani. "Mzee, hebu niambie. Zamani zile, Kiingereza ulikuwa unakijua?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Kiingereza! Nilikuwa nasoma nyuso, mama. Uso ukipanuka, anaogopa. Uso ukikunjamana, anatukana. Nitakosea wapi?"

"Yule mpima hewa alikuwa anawaambia wasifungue mlango."

"Acha!"

"Kila siku. Na kila siku alikuwa sahihi."

Akaukung'uta mwavuli uliokuwa umeshakauka. "Sasa mwanangu, ningesema hivyo, nani angerudi kesho yake?" Akanywa chai yake, akaaga.

Jumapili tulijaa sebuleni kwa baba mdogo. Upande mmoja ukoo wetu, upande wa pili mume na kaka zake wawili waliokuja naye kutoka Mofu, viatu vya tope wameviacha mlangoni. Mdogo wangu mkekani, kanga kichwani, nyuma ya shangazi. Sala ikasaliwa. Mtafsiri akasimama, akashusha pumzi, na nikaiona ile sura, ile ya mtu anayejiandaa kushika kipaza sauti.

"Wazee wangu," akasema, na sauti ikawa laini kama mafuta. "Jana nilikaa na binti. Amelia. Ameniambia, mshenga, nimewaza usiku na mchana, mdomo wangu ndio umeniponza. Ameniambia, nyumba ni yangu, mume ni wangu, hasira ni za shetani. Anaomba tu, akirudi, mwenzake apunguze mkono."

Walitikisa vichwa kwa kuridhika. Baba mdogo akamgeukia mume. "Na wewe bwana mkwe?"

"Mimi sina neno, baba. Siku ile nilichanganyikiwa, mali imeondoka. Nilimtuliza tu."

Na wakacheka. Nitakuambia ukweli, si kicheko kikubwa, kile cha puani, cha watu waliokaa benchi moja. Kaka zangu wawili walicheka. Baba mdogo mwenyewe alitabasamu, akasema, "Haya basi, kama wenyewe wamekubaliana—"

Mdogo wangu akaivua kanga.

"Sikusema hivyo," akasema.

Shangazi akamgeukia kama amechomwa. "Shii! Funika kichwa, mtoto we!"

"Shangazi, sikulia, na sikusema hivyo. Nilisema sirudi. Ni neno moja, mzee amelipoteza wapi?"

Yule bwana alikuwa ameshasimama. Sidhani kama aliamua. Ulikuwa ni mkono uliozoea njia. Akavuka mkeka kwa hatua ndefu, akampiga mbele yetu sote, kibao cha kiganja chote, nikasikia kinagonga mfupa wa shavu. Mdogo wangu akaenda ubavu, kichwa kikapiga ukingo wa meza, na meza ikaenda naye na chupa za chai na sahani na maandazi. Kisha shangazi, huyuhuyu aliyesema shii, akainuka na stuli. Shangazi yangu ana magoti mabovu, kanisani hapigi magoti, lakini nakuapia aliruka juu kama mamba anayedaka swala. Stuli ilimpata yule bwana begani. Kaka yake akamsukuma shangazi. Kaka zangu, waliokuwa wanacheka sasa hivi, wakamvamia kaka mtu, wakapiga na kupigwa, mlango ukatoka kwenye bawaba, mtu akakanyaga chai ya moto akalia kama mbuzi. Mimi nilimng'ata mtu. Mpaka leo sijui alikuwa wa upande gani, ila alikuwa na chumvi.

Walipotenganishwa, mdogo wangu alikuwa bado sakafuni. Alikuwa amekaa, mgongo ukutani. Nyusi ilikuwa imepasuka, damu inatiririka mpaka kwenye plasta, na plasta inainywa kama pamba. Hakuwa analia. Alikuwa anamtafuta Mtafsiri kwa macho.

"Mzee," akasema. "Mshenga. Waambie walichoona. Usipambe."

Yule mzee alikuwa amebanwa pembeni na kabati, mikono yote kifuani. Nimemsikia akigeuza kilio cha mwanamke kuwa mapenzi, akigeuza onyo kuwa woga. Akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama mume, akamtazama baba mdogo, kama anasubiri mtu amwashie jenereta.

"Amempiga," akasema.

Baba mdogo akangoja.

"Tumeona," akasema baba mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka sasa hivi. "Basi harudi."

Yule bwana alipitia mlango uliong'oka, kaka zake wamemshika kwapa. Alipofika uani akageuka. Alisema talaka haijatoka, kwa hiyo bado ni wake, na siku akimkuta peke yake, mpini wa jembe utakuwa ni masihara. Alisema hivyo mbele ya watu kumi na kitu kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

Wengine wakataka tukae tena, tuwaze. Mdogo wangu akasema hakuna kukaa. Akajifunga kanga upya kwa mkono mmoja, akatoka kwenye mvua, nami nikamfuata mbio na kiatu kimoja. Tukaenda polisi, dawati la wanawake na watoto. Askari wa zamu alikuwa mama mnene mpole, akatupa viti. Akamwuliza mdogo wangu: "Haya, ilikuwaje?"

Na mimi nikaanza. Sikuombwa, nilianza tu. Nikamwambia afande, huyu mtu ni simba, alimpiga siku tatu mfululizo bila kula, kwa mchi mkubwa kama nguzo ya umeme, akamtupa mtoni kwenye mamba—

"Dada," akasema mdogo wangu.

—na leo amevunja nyumba nzima ya baba mdogo—

"Dada. Nyamaza."

Nikanyamaza. Alikuwa hajakasirika. Damu ilikuwa imekauka kwenye nyusi ikamfanya aonekane ananikonyeza.

"Haikuwa siku tatu, na haukuwa mchi," akasema. "Ukisema hivyo, yeye atakuja aseme si kweli, na atakuwa sahihi. Kaa nje. Nitasema mwenyewe."

Yule askari akanitazama kwa huruma, akanionyesha benchi la barazani. Nikatoka. Nyuma yangu mlango ukafungwa, nikasikia sauti yake imeanza, ndogo, ya mdomo uliovimba, inakwenda bila kusimama. Maneno sikuyapata.

Kwenye benchi alikuwepo mama mwingine na kuku wake kwenye kikapu, amekuja na kesi yake. Alinitazama mguu wenye kiatu na usio na kiatu.

"Pole jamani. Mgonjwa wako kafanywa nini?"

Nilikuwa nayo yote, tayari kabisa, mpaka mamba.

"Atatoka sasa hivi," nikamwambia. "Mwulize mwenyewe."